Simenti Ndani ya Adapta

Watu wa Kampala hununua vitu vya umeme kwa kiganja. Mtu akifika mezani pangu pale Nakivubo, ananyanyua redio, anaipima juu chini mara mbili kama anapima maharage, halafu anatoa hukumu. Ikiwa nzito ni orijino, ikiwa nyepesi ni feki. Hata hajauliza kama inaimba. Pasi, rimoti, betri, vyote hupita katika mahakama hiyo moja, na mimi nimegombana nayo miaka kumi na miwili bila kushinda hata rufaa moja.

Jina langu ni Nerima. Nilitoka upande wa Bungoma nikiwa na mume dereva wa lori. Mume aliendelea na safari zake, mimi nikabaki na kisanduku chake cha vifaa vya kulehemu. Watu husema nina mdomo, na hawakosei. Mwanamke akikaa kwenye meza ya ufundi katikati ya wanaume kumi na wanne bila mdomo, kazi yake itakuwa kutumwa chai.

Mwaka 2003, mwezi wa nne, mvua zimeshika kasi, alikuja mezani kwangu mzee mmoja mrefu mwenye sauti ndogo. Aliitwa Otema, sajini mstaafu wa polisi, mtu wa Kitgum. Aliishi katika kambi ndogo ya familia za askari upande wa Luzira, na kila Jumamosi aliwakusanya watoto wa kambi ukumbini akawafundisha kompyuta. Alikuwa nazo tisa, alizoachiwa na mmishenari aliyekuwa akirudi kwao. Si hizi za sasa. Ni zile za miaka ya themanini, ambazo kompyuta nzima imo ndani ya kibodi. Unaichomeka kwenye televisheni, inakutolea neno moja, kisha inangoja uiambie la kufanya.

Hizo mimi nazipenda sana, siwezi kuficha. Ukifungua kifuniko unaona kila kitu, na kila kitu kina kazi yake. Mtoto akiandika mistari mitano, mashine inahesabu mpaka elfu moja mbele ya macho yake, naye anajua kwamba aliyeiamuru ni yeye. Otema aliniambia kuna binti wa miaka kumi na moja pale kambini aliyeifundisha kupanga zamu za kuteka maji, na tangu hapo akina mama hawajagombana bombani. Nilicheka mpaka fundi wa meza ya tatu akageuka kutazama.

Shida ilikuwa moja. Kompyuta mbili zilikuwa zimekufa ndani ya mwezi mmoja, na Otema alidhani ni uzee. Nilizifungua nikakuta chipu za kumbukumbu zimeungua zote. Kompyuta haizeeki hivyo. Nikamwambia anionyeshe adapta, yaani kile kisanduku kinachoupunguza umeme wa ukutani kabla haujaingia kwenye mashine. Akatoa kwenye mfuko wake kitu cheusi kizito kama tofali, akaniwekea mkononi nionje uzito wake, akaniambia kwa fahari kwamba hiyo ni orijino, ilikuja na mashine yenyewe kutoka Ulaya.

Nikaipima kwa mita. Ilipokuwa baridi ilitoa volti tano sawasawa, kama kompyuta inavyotaka. Nikaiacha ikiwaka na balbu ndogo ya kuipa kazi, nikaagiza chakula. Chakula kilipofika ilikuwa imepanda hadi sita. Nilipomaliza kunawa ilikuwa nane. Waliozitengeneza walizijaza gundi nyeusi ngumu ndani, joto halina pa kutokea, na miaka ishirini ikipita, kile kidude kinachozuia volti kinachoka kabisa. Kompyuta haifi kwa kishindo. Inakufa kimya, na mtoto aliyekaa mbele yake anadhani amekosea kuandika.

Kati ya adapta tisa alizokuwa nazo, nne zilikuwa zimeharibika hivyo, na tano zilikuwa zikingoja zamu yao. Nilimwambia Otema asichomeke hata moja tena. Ningemtengenezea mpya saba, za kompyuta saba zilizobaki hai.

Wiki mbili nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu nikitafuta vipande vya ndani vya printa na skana, vile vinavyotoa volti tano safi. Nilileta nyumbani ishirini na sita. Niliviangalia kimoja kimoja chini ya kioo cha kukuzia, na kile ambacho upande wa umeme mkubwa ulikaribiana mno na upande wa umeme mdogo, nilikitupa. Vingine nilivitesa kwa balbu kutwa nzima, vilivyochemka nikavitupa pia. Vikabaki saba. Kila kimoja nilikitilia fyuzi, na kinga ndogo ya kukata umeme ikiwa volti zitavuka tano na nusu. Nikavifunga ndani ya plastiki ngumu, bila skrubu hata moja ya chuma kutokeza nje. Nilijivunia kazi ile. Adapta moja ilikuwa na uzito wa pakiti ya biskuti.

Sasa ukumbi wa kambi ulikuwa chini ya inspekta mmoja mwanamke, Afande Lakica. Yeye ndiye aliyeamua kitu gani kiingie humo na kipi kisiingie. Alikuja na Otema kuzichukua, amevaa sare iliyonyooshwa ikanyooka, na nilimpenda nilipomwona, kwa sababu aliwapita wanaume wote pale bila kuwapisha. Akaichukua adapta yangu ya kwanza. Akaipima juu chini mara mbili.

"Hii ndani iko hewa tu," alisema. "Wewe mama nataka kuuzia watoto yangu hewa?"

Nilimweleza. Nilimwonyesha mita, nikamwonyesha fyuzi, nikamwonyesha ile ya zamani inavyopanda hadi nane. Akanisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye ameshaamua. Alisema yeye alilelewa katika kambi, na tangu utotoni amejua kwamba kitu cha maana kina uzito. Nimletee nzito, au nisilete. Wakaondoka, Otema akinitazama kwa jicho la kuomba radhi.

Jirani yangu wa meza, Cleopas, alikuwa amesikia yote. Cleopas ni wa kwetu, tunatoka vijiji viwili vinavyotenganishwa na mto, na huniita dada. Aliniletea chai, akakaa, akaniambia kwamba ninajitesa bure. Nitie simenti. Kikombe kimoja cha simenti na kipande cha nondo ndani ya kila kisanduku, afande atafurahi, mzee atafurahi, nami nitalala.

Nikamwambia sitii.

"Dada," akasema, "si ni wewe ulinifundisha?"

Ilikuwa kweli. Mwaka wangu wa kwanza Nakivubo hakuna aliyenunua adapta zangu. Wote walizinyanyua wakazirudisha. Njaa ikanifundisha. Nilikoroga simenti kwenye kopo la rangi, nikazijaza, na zikatoka kama mandazi ya asubuhi. Nilitengeneza thelathini na kitu. Cleopas alipofika mjini hana kitu mfukoni, nikamwonyesha kipimo cha maji na mahali pa kuweka nondo, nikiona namsaidia ndugu.

Kisha akaja Masinde. Masinde ni mlinzi wa usiku, anakaa Kyebando katika chumba ambacho paa lake huvuja. Simenti inakunywa maji, hilo kila mjenzi analijua, lakini mimi fundi wa umeme sikulifikiria. Siku ya mvua adapta yangu ilikunywa, umeme ukapita kwenye simenti mpaka kwenye skrubu za nje, na Masinde akaishika. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunji tena. Alikuja kunisimulia akicheka kidogo, akilaumu mvua. Alitaka kununua nyingine. Nikampa nzuri, isiyo na simenti, akainyanyua, akasema hapana, hii ni feki. Akasogea hatua tatu mpaka kwenye meza ya Cleopas akanunua nzito. Mimi nilikaa pale pale, nikamwangalia anaondoka nayo. Miaka minane ilikuwa imepita. Tangu siku ile sikutia simenti tena, lakini wala sikumwambia Masinde, wala sikumkataza Cleopas. Nilijionea aibu, na aibu ile niliifunika kwa kelele za mambo mengine.

Kwa hiyo nilirudia kusema sitii. Cleopas akainua mabega akarudi mezani kwake.

Alhamisi Otema akaja peke yake. Hakukaa. Alisema afande amempa kazi Cleopas, na adapta saba zimeshafika kambini, nzito mpaka mtoto anazibeba kwa mikono miwili. Jumamosi watoto kumi na tisa wataanza tena darasa. Alisema amejaribu kupinga, lakini yeye ni mstaafu, na mstaafu kambini anaishi kwa hisani. Nikamuuliza sakafu ya ukumbi ikoje. Akasema ya saruji, na mvua zikinyesha maji huingia kwa mlango wa nyuma, watoto huvua viatu ili wasivichafue.

Watoto kumi na tisa bila viatu, kwenye maji, na simenti. Nikamwendea Cleopas nikamwambia akazirudishe. Akaniambia wivu wa kazi haunifai, na kwamba adapta zake hazijamdhuru mtu hata mmoja. Nilimjua niliyemdhuru mimi, na hata hapo sikumtaja. Lakini usiku ule niliamua. Nilipiga moyo konde, nikazifunga adapta zangu saba kwenye kikapu, na Jumamosi asubuhi nikaenda Luzira.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilipoingia ukumbini watoto walikuwa wameshakaa, viatu vimepangwa mlangoni, miguu yao imeloa. Cleopas alikuwa ameinama chini ya meza akichomeka adapta ya mwisho. Afande Lakica alisimama mbele, mikono nyuma. Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na ubao wa mita ya umeme. Sikumsalimu mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ule ubao, nikang'oa kishikio cha fyuzi kuu, nikakitia kwenye sidiria yangu. Feni ikazunguka taratibu mpaka ikasimama.

Afande akaniuliza kama najua niko wapi. Nikamwambia naona sare yake, najua niko wapi. Akasema naweza kulala ndani leo.

"Nikamate, afande," nikasema. "Lakini fyuzi inakwenda na mimi, na hapa hapawaki kitu."

Nadhani hakuwahi kukamata mtu mwenye ushahidi mahali pale. Nikawahi kuweka sharti langu. Watoto wote wasimame ukutani, mahali pakavu. Adapta zote zichomolewe, zibaki mbili tu, moja yangu na moja ya Cleopas. Kisha nitarudisha fyuzi, naye atazame kwa macho yake mwenyewe. Baada ya hapo anifanye apendavyo. Otema alikuwa ameshaanza kuwasogeza watoto kabla afande hajajibu.

Nilirudisha fyuzi. Nikatoa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ambayo kila nyumba inaijua, nikaigusisha kwenye skrubu ya adapta ya Cleopas. Taa ikawaka nyekundu. Watoto wakavuta pumzi. Nikaigusisha kila mahali kwenye adapta yangu, haikuwaka.

"Hiyo taa iko yako," alisema Afande Lakica. "Mimi najua aje kama wewe hapana cheza na sisi?"

Hapo hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nimeeleza kwa mita hakutaka, nimeeleza kwa testa hataki. Yeye ni mtu wa kiganja, basi tutazungumza kwa kiganja. Nikavua viatu. Nikaenda pale maji yalipotuama, nikasimama ndani yake. Palikuwa na ndoo ya kudekia, nikatumbukiza mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo. Nisiseme uongo, niliogopa. Lakini nilizijua adapta zile moja moja, nilizijua kama mama anavyojua chawa wa mwanawe. Nikaikamata adapta yangu, imechomekwa, inawaka, kwa mkono unaochuruzika maji, nikaishika nikihesabu kwa sauti mpaka ishirini. Watoto walihesabu nami kuanzia saba.

Nikaiweka mezani. Nikaisukuma ndoo kwa mguu mpaka mbele ya afande.

"Zamu yako," nikamwambia. "Shika ile nzito."

Afande Lakica akaitazama ile adapta. Akaitazama ndoo. Alikuwa mwanamke jasiri, niliambiwa baadaye mambo aliyoyafanya huko kaskazini ambayo wanaume wengi hawakuyaweza. Hakuishika. Akamgeukia Cleopas.

"Fundi. Hii kitu yako wewe. Kuja shika."

Cleopas akatia mikono yote miwili mifukoni. Hata mtoto mdogo kuliko wote pale ukutani alielewa. Otema akaenda akaichomoa ile adapta kwa kuvuta waya, akaitoa nje kwenye ngazi, akaipiga na jiwe. Ikapasuka, simenti ikamwagika vipande vipande, na kipande cha nondo katikati.

Afande aliinama akaokota kipande cha simenti. Kilikuwa na unyevu, akakisugua kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Alipomuuliza Cleopas swali lake hakupandisha sauti.

"Nani nafundisha wewe kazi hii?"

Cleopas aliniangalia. Angeweza kusema, na angekuwa na haki. Lakini aliinamisha macho, na nilimwona tena yule kijana wa kwetu aliyefika Nakivubo bila chakula cha siku. Nilikuwa nimeshinda. Otema alikuwa akitabasamu, watoto wananitazama kama mtu aliyerudi vitani. Ningenyamaza tu, nichomeke adapta zangu, niende nyumbani na sifa zangu.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilimfundisha. Mimi ndiye nilianza."

Nikawaeleza yote pale pale, mbele ya watoto. Kopo la rangi, nondo, zile thelathini na kitu, vidole vya Masinde. Hata jinsi nilivyokaa nikamwangalia anaondoka na nyingine. Sikupunguza sauti. Otema aliacha kutabasamu. Afande Lakica akatoa kijitabu chake mfukoni, akaniuliza kama nafahamu kusema hivyo mbele ya askari ni nini. Nikamwambia nafahamu vizuri, aandike, na aliandike jina langu kwa ukamilifu. Nikapiga magoti chini ya meza, miguu ingali imeloa, nikaanza kuchomeka adapta zangu moja baada ya moja. Sikuomba ruhusa, na yeye hakunizuia. Alisimama juu yangu akiandika, na kila nilipomaliza moja, nikaigusa kwa testa isiwake, mtoto mmoja alirudi kwenye kiti chake.

Kompyuta zote saba zikawaka. Nilitia saini maelezo yangu juu ya meza ileile, kati ya vibodi viwili.

Nilipotoka nje mvua ilikuwa imekatika kidogo. Cleopas alikuwa amekaa kwenye ngazi kando ya simenti iliyomwagika. Aliniambia nimetumaliza wote wawili, kwamba kufikia Jumatatu Nakivubo nzima itajua na hakuna atakayekaribia meza zetu. Nikamwambia huenda ikawa hivyo. Nikamshika mkono nikamwinua, nikamwambia kila adapta ya simenti tuliyouza tutaitafuta tuivunje. Akaanza kugeukia stendi ya magari ya kurudi mjini, akiniuliza kama hayo hayawezi kungoja Jumatatu.

"Hayangoji," nikamwambia. "Beba nyundo yako. Tunaanzia Kyebando, kwa Masinde, kabla mvua haijarudi."